Karoti Si Chakula

Katika chumba kile cha kushonea magauni ya harusi, siku haikuanza kwa cherehani. Ilianza kwa viganja.

Madamu, mwenye duka, alitandika kipande cha satini nyeupe juu ya meza ya kukatia, na kila fundi kwa zamu yake akaja kukibonyeza kwa viganja vyote viwili, kama mtu anayepiga muhuri. Ukiacha alama, hata iwe ndogo kama nukta, unarudishwa kwenye beseni la sabuni. Bibi harusi gani anataka kuvaa jasho la mtu mwingine? Kwa sababu hiyohiyo vitu vya mafuta vilipigwa marufuku mle ndani, pamoja na chokoleti, soda, na biskuti zinazomwaga chembe. Ukitaka kutafuna, tafuna kitu kikavu kisichochafua.

Karoti ilipita.

Fundi wa mapindo alikuwa mwanamke kijana ambaye wenzake walimwita Mama Bosi, kwa sababu mwanawe alizaliwa na mashavu na tumbo la mtu mwenye nyumba za kupangisha, na jina la Bosi likamganda kabla hata kitovu hakijakauka. Alirudi kazini na zipu za nguo zake zote zimemgomea. Alasiri ikifika, hamu ya kitu kitamu ilimkaba kooni. Ndipo akaanza na karoti. Ilikuwa ikilia kah! mdomoni, ina utamu wa staha, na haina dhambi. Akaanza na moja tu. Halafu ikabidi iwepo ya kuisindikiza ile ya kwanza. Halafu ikazaliwa karoti ya kungojea pasi ipate moto, na ya kutuliza mkono baada ya pindo refu, na ya kuagana na kazi jioni.

"Karoti si chakula," alikuwa akisema. "Ni maji tu yaliyosimama."

"Maji?" Hiyo ilikuwa sauti ya Sindano, fundi wa kushonea shanga, aliyepewa jina hilo kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. "Mwenzangu, jana nimemkuta sungura pale sokoni analia. Anauliza ni nani huyu anayemalizia wanawe riziki."

"Mwambie avumilie. Mimi nanyonyesha."

Hiyo ndiyo ilikuwa sababu tamu kuliko karoti zenyewe. Nani atabishana na mama anayenyonyesha? Nyingine zikafuata mkia. Pindo ni kazi ya macho, na karoti ni dawa ya macho. Mvua ikinyesha, karoti ni kinga ya mafua. Jua likiwaka, ni ya ngozi. Akigombana na Baba Bosi asubuhi, basi karoti ni ya hasira, maana heri kutafuna karoti kuliko kumtafuna mume wa watu. Na kwa kuwa jambo jema halifichwi mtoto, Bosi alipoanza kula, uji wake ukapondewa karoti, na cha mchana kikawa karoti na boga. "Wangu mimi hataijua sukari," alisema Mama Bosi kwa fahari, akimfuta mtoto kidevu chenye rangi ya machungwa.

Asubuhi moja akabonyeza satini kama kawaida, akataka kupita.

"Beseni," akasema Madamu.

"Sijaacha alama, Madamu."

"Na kwa mikono hiyo umeshika nini?"

Mama Bosi akavitazama viganja vyake juu ya ule weupe. Vilikuwa vya manjano. Si vya vumbi, si vya chaki ya kuchoria nguo. Vilikuwa vya manjano kama karatasi ya kitabu cha zamani. Akaenda kwenye beseni, akasugua kwa sabuni mpaka ngozi ikamwasha, akarudi, akabonyeza tena. Kitambaa kikabaki cheupe. Viganja vikabaki vya manjano. Rangi haikuwa juu ya mkono. Ilikuwa ndani yake.

"Labda ni hii taa," akasema upesi, na akacheka kicheko kifupi kisichofika popote. Madamu akaikagua satini, akaikuta safi, akamruhusu.

Alikaa kwenye cherehani, akauweka mguu juu ya kanyagio, lakini mguu haukukanyaga. Kwa maana aliwahi kuviona viganja hivi. Alivijua vizuri kuliko alivyovijua vyake.

Vilikuwa vya mama yake mdogo, aliyemlea tangu hajaota meno ya pili. Ilianza hivihivi, kwenye viganja, mama mdogo akiwa anachagua mchele. Nyumba nzima ilikuwa na sababu. Mjomba alisema ni taa. Jirani alisema ni bizari ya jikoni. Mama mdogo mwenyewe alisema, "Uchovu tu, mwanangu, usinitolee macho." Walijipa sababu mpaka sababu zikawaishia, na siku hiyo macho ya mama mdogo yalikuwa yamegeuka rangi ya kiini cha yai. Hospitali wakasema ini. Wakasema mngemleta mapema. Mama Bosi alikuwa msichana wa shule wakati huo, amesimama mlangoni na ndoo ya maji mkononi, na neno hilo *mapema* halijawahi kumtoka.

Macho ndiyo yaliyokuwa ya mwisho. Hilo alilijua. Macho yakishageuka, safari imekwisha kukatiwa tiketi. Basi akaamua kitu kimoja, uamuzi wa mtu aliyetishika: hatajitazama kwenye kioo. Na chumba kile kilikuwa na vioo vitatu virefu, vya maharusi kujigeuzia mbele na nyuma. Akavipa mgongo vyote. Akaanza kusuka nywele kwa kupapasa. Nyumbani akakigeuza kioo cha ukutani kikatazama ukuta, akamwambia Baba Bosi kina ufa.

"Kioo kina ufa mgongoni?" akauliza mumewe. Alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa kupenda kujua kitu kimeharibikia wapi.

"Kula, chakula kinapoa."

Kwa nini hakwenda hospitali siku ileile? Msomaji usimcheke. Anayeogopa jibu hakimbilii swali. Badala yake akakumbuka maneno ya mtaalamu mmoja wa redioni, aliyesema kwamba mboga za rangi husafisha mwili, na akajiambia, kama ini limeanza kuchafuka, basi lisafishwe. Lisafishwe na nini? Unadhani na nini?

Akaanza kununua karoti kwa mafungu, kama mwenye mgahawa. Asubuhi akakamua juisi bilauri nzima kabla ya kitu kingine chochote kuingia tumboni. Mchana akaacha kula na wenzake, akatafuna peke yake, haraka haraka, kama mtu anayezima moto kwa vikombe. Na kila alipotafuna zaidi, rangi ilipanda zaidi. Ikatambaa kwenye nyayo. Ikakaa pembezoni mwa pua. Naye kila ilipopanda, akaongeza dozi. Usiku alilala akivikunja vidole ndani ya viganja, asivione hata gizani.

Siku ya mapumziko alikuwa anamwogesha Bosi kwenye beseni mlangoni, juani. Mtoto anacheka, anayapiga maji kwa miguu, anamlowesha mama yake mpaka kifuani. Akaukamata mguu mmoja ausugue. Unyayo wa mtoto, ule laini kama ndani ya mkate, ulikuwa wa manjano.

Akaukamata wa pili. Nao.

Sabuni ikamponyoka. Alibaki amemshika mtoto kwenye maji yanayopoa, na mtoto anazidi kucheka, na yeye akilini mwake linazunguka neno moja tu: maziwa. Nini kingine kilichotoka mwilini mwake kikaingia mwilini mwa mtoto? Nimemnyonyesha, akawaza. Nimemnyonyesha kwa mkono wangu mwenyewe, nikamwimbia juu yake.

Siku hiyo akamwachisha ziwa.

"Juzi si ulisema mpaka atimize miaka miwili?" akauliza Baba Bosi.

"Ananiuma. Ameota meno."

"Meno anayo siku zote."

"Basi yamekuwa makali!"

Bosi hakuelewa siasa hizo. Alilia akiivuta blauzi ya mama yake kwa mikono miwili, akajibinua nyuma, akalia mpaka akakwama pumzi. Mama Bosi akampa alichokuwa nacho: bakuli la karoti zilizopondwa, safi, zisizo na ugonjwa wa mtu. Mtoto akala kwa kwikwi. Kifua cha mama kikajaa, kikawa kigumu kama jiwe, kila kilio kikikivuta kama uzi. Akaingia chumbani, akafunga mlango, akayakamua maziwa kwenye kikombe na kuyamwaga, na machozi yakayafuata.

Baba Bosi akafungua mlango taratibu, mtoto begani.

"Mama Bosi. Kuna kitu kimeharibika humu ndani na unanificha. Ni nini?"

"Uchovu tu," akasema. "Usinitolee macho."

Neno lilimtoka likasimama katikati ya chumba. Lilikuwa lilelile. Sauti ilikuwa ileile. Akajiziba mdomo kwa kiganja cha manjano, kana kwamba aliyesema hakuwa yeye, na kwa mara ya kwanza akaogopa kitu kikubwa kuliko jibu la daktari. Alimwona Bosi amekua, amesimama mlangoni na ndoo ya maji mkononi.

Kulipopambazuka akamfunga mtoto mgongoni, akaenda naye kazini, maana Baba Bosi alikuwa ameshaitwa kwenye jokofu la bucha lililokufa na nyama ndani. Zamu yake ya satini ilipofika, mikono akaiweka nyuma, chini ya makalio ya mtoto.

"Mikono," akasema Madamu.

"Madamu, naumwa. Mimi na mwanangu. Nadhani ni ini." Akaitoa.

Madamu hakusema beseni. Aliikunja satini pole pole, akaiweka kando. "Sindano," akasema, "mpeleke mwenzio. Na usimchoshe kwa maneno."

"Nitajikaza kisabuni," akasema Sindano, na njia nzima kweli hakutania. Hilo lilimtisha Mama Bosi kuliko yote.

Daktari alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Akavigeuzageuza viganja vya mama, akazitazama nyayo za mtoto, akabonyeza matumbo yao. Homa? Hakuna. Kichefuchefu? Hakuna. Mkojo mweusi kama chai? Hapana.

"Unakula nini?"

"Vya kawaida, daktari. Wali, maharage, mboga za majani."

"Na vitafunwa? Vitu vya kutafunatafuna katikati?"

"Sili." Akanyoosha mgongo kidogo. "Sukari nimeacha kabisa."

Sindano akafungua mdomo. Akakumbuka agizo la Madamu, akaufunga.

"Vizuri. Sasa nitazame."

Mama Bosi akafumba macho.

"Mama, fungua macho niyaone."

"Niambie kwanza."

"Siwezi kukuambia kilichojifunika."

Akakaa hivyo, kope zimekazwa, mtoto kampakata, mwili wote unatetemeka kama cherehani iliyolegea skrubu. Mkono wa Sindano ukamshika bega. Akafungua. Taa ndogo ikamwingia jicho moja, kisha la pili. Kisha ikahamia kwa Bosi, ambaye alijaribu kuila.

"Mmh," akasema daktari. "Katoeni damu, nyote wawili. Majibu yakiwa tayari nitawaita."

Walipokaa kwenye benchi la nje, Mama Bosi akauliza kwa sauti ya kunong'ona, "Umeisikia ile *mmh*?"

"Mmh ya daktari ni kama 'njoo kesho' ya fundi," akasema Sindano. "Haina maana yoyote."

Lakini hata yeye alikuwa anazungusha pete kidoleni.

Bosi alikuwa amechomwa sindano, amelia, na sasa alitaka dawa anayoijua. Akapekua blauzi. Mama yake akamsukuma mkono. Akapekua tena, akaanza kupiga ukunga, korido nzima ikageuka. "Mpe mtoto anyonye, mwanangu," akasema bibi mmoja aliyekuwa kwenye foleni. "Hapa hakuna mgeni wa hilo."

"Hanyonyi, bibi."

"Hanyonyi? Mbona yeye hajui?"

Mama Bosi akageuza uso. Kifua kilikuwa kinamuuma, blauzi imeanza kulowa, na mlango wa daktari bado umefungwa. Hofu ilimjaa mpaka ikakosa mahali pa kukaa. Na mkono wake, wenyewe, bila kutumwa, ukaingia kwenye mkoba, ukapapasa chini ya nepi, ukatoka na kitu. Kah!

Mlango ulikuwa umefunguka. Daktari amesimama, karatasi mkononi.

"Unakula nini hapo?"

Akaficha nyuma kile kipande. "Karoti tu, daktari."

"Si nilikuuliza kuhusu vitafunwa?"

"Hiki si kitafunwa. Karoti si chakula, ni..."

"Daktari," akadakia Sindano, "nimekatazwa kusema, lakini mficha maradhi nitamzika mimi. Huyu hali karoti. Huyu anahamishia shamba tumboni!"

"Unakula ngapi kwa siku?"

"Moja," akasema Mama Bosi.

"Na ya kuisindikiza," akasema Sindano.

"Na ya kusindikiza. Na ya pasi. Na..." Akaona aibu inapanda, na chini ya aibu, kwa mbali sana, kitu kingine ambacho hakuthubutu kukiita jina. "Na juisi asubuhi. Tangu nimeona rangi nimeongeza, ili nisafishe."

"Na mtoto?"

"Uji wa karoti. Na karoti na boga. Na tangu nimemwachisha... karoti."

Daktari akavua miwani, akajifuta macho, akaketi pale pale kwenye benchi kati yao. Hakucheka, ingawa uso ulimpiga vita.

"Sikiliza, mama. Damu yenu imetoka nzuri. Ini lako zima. La mtoto zima. Hiyo rangi ni ya karoti yenyewe. Ukizila kupita kiasi, mwili unakosa pa kuiweka, unaitandaza kwenye ngozi. Boga nalo lina mchango wake. Punguzeni, mle na vitu vingine, itafifia polepole. Haina madhara."

"Mama mdogo alianza kwenye viganja."

"Na macho yake?"

Akavikunja vidole ndani ya viganja.

"Ini likiugua, macho hayaachwi. Rangi ya karoti huyaacha. Yako ni meupe, na ya mwanao meupe. Hukujitazama kwenye kioo?"

"Nafanya kazi kwenye chumba chenye vioo vitatu," akasema Mama Bosi. "Nimevipa mgongo vyote."

Akaomba aambiwe tena. Akaambiwa. Akauliza kama majibu hayakuchanganywa na ya mtu mwingine. Hayakuchanganywa. Halafu akauliza lile lililokuwa limemkwama kooni tangu alipoziona nyayo za mtoto, kwa sauti ndogo mpaka daktari akainama. "Na maziwa?"

"Mnyonyeshe mtoto, mama. Ndiyo kitu pekee humu kisicho na kosa."

Akafungua blauzi pale pale. Bosi akatazama. Akageuza uso. Mama akamsogeza, akageuza tena, midomo ameikaza, kama bosi aliyeombwa msamaha na mfanyakazi mchelewaji. Hofu ikarudi yote kwa mkupuo mmoja. Nimemkatisha tamaa. Nimemnyima kwa uongo wangu na sasa hataki. "Bosi," akanong'ona. "Baba. Nisamehe, baba." Akamshika kidevu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kumwogesha akamtazama machoni.

Yalikuwa meupe. Meupe kama satini kabla ya mtu yeyote kuigusa.

Mtoto naye akamtazama, akapiga kwikwi moja ya mwisho ya malalamiko, kisha akaangusha kichwa na kushika. Aliposhika, mama yake akaachia pumzi aliyokuwa ameizuia siku nyingi. Yule bibi wa foleni akasema, "Si nilikwambia?" akageukia mambo yake.

Sindano akauchukua mkoba, akaanza kutoa karoti mojamoja. "Hizi nampelekea mwenyewe yule sungura. Aache kulia."

"Bakiza moja."

"Ya nini?"

Mama Bosi akafikiri. Sababu zilikuja mbio kama zamani, zikapanga mstari, kila moja imevaa vizuri. Akazitazama zote.

"Basi," akasema. "Chukua."

Asubuhi iliyofuata alibonyeza satini kwa viganja vyake vya manjano, mbele ya watu wote, na Madamu akampisha bila neno. Lakini hakwenda moja kwa moja kwenye cherehani. Alizunguka meza, akasimama mbele ya kioo cha kati, akainua uso. Macho yaliyomtazama yalikuwa na uchovu, mekundu kidogo kwa kulia, na yaliyobaki yote meupe. Yalifanana na ya mama mdogo, yale ya zamani, ya kabla.

Akasimama hapo mpaka Sindano akamwita, akiwa ameshika kitu cha kijani.

"Mwenzangu, tango hili. Halina rangi, halina mafuta, halina lawama. Tango si chakula."

"Nani kakwambia?" akasema Mama Bosi. "Kata nusu. Na nusu nyingine ufiche nisipopajua."